Kamba na Urafiki Juu ya Barafuto: Mjadala Kuhusu Mlima Rainier

Upandaji wa milima kwa ski ni fani inayounganisha kazi mbili zinazodai ujuzi tofauti: kuupanda mlima wa theluji kwa nguvu za miguu, bila msaada wa nyaya za kubebea watu zilizowekwa katika viwanja vya michezo ya theluji, na kuuteremka kwa kuteleza juu ya ski, yaani mbao mbili nyembamba na ndefu zinazofungwa viatuni. Wakati wa kupanda, kisigino cha kiatu huachwa huru, na chini ya kila ski hubandikwa ukanda wa manyoya mafupi yaliyolalia upande mmoja, ambao huiruhusu ski kwenda mbele na kuizuia kurudi nyuma. Kileleni ukanda huo huvuliwa, kisigino hufungwa, na safari ya kushuka huanza. Zamani ukanda huo ulikatwa kutoka ngozi ya sili, na ingawa leo hufumwa kwa manyoya ya mbuzi wa Angora au kwa nailoni, wapandaji wanaendelea kuuita ngozi. Fani hii huwa ngumu zaidi pale mlima unapokuwa volkano iliyofunikwa na barafuto, yaani mito ya barafu inayosogea polepole kuelekea bondeni kwa uzito wake, kwa kuwa hapo hatari kubwa haionekani kwa macho: ni nyufa ndefu na zenye kina, ambazo theluji ya majira ya baridi huzifunika juu na kuziacha tupu ndani.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni Mlima Rainier, katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Wenyeji wa asili wa eneo hilo waliuita Tahoma muda mrefu kabla ya mwaka 1792, ambapo nahodha Mwingereza George Vancouver aliuona akiwa baharini na kuupa jina la rafiki yake, Peter Rainier, ambaye hakuwahi kuukanyaga. Ni volkano iliyo hai ingawa imetulia, yenye urefu wa mita 4,392, na inabeba barafu nyingi kuliko mlima mwingine wowote katika majimbo 48 ya Marekani yanayopakana. Barafuto zake zenye majina zinazidi 20, na iliyo kubwa kuliko zote kwa eneo ni Emmons, inayoteremka upande wa kaskazini-mashariki. Wapandaji wa ski huujia hasa mwishoni mwa majira ya kuchipua na mwanzoni mwa majira ya joto, kwa kawaida katika makundi ya marafiki watatu au wanne waliokutana kazini, chuoni au katika vilabu vya milima.

Swali linalojadiliwa hapa ni kama kundi la namna hiyo, lisilo na kiongozi wa kulipwa, lina ulinzi wa kutosha. Wasemaji ni wa kubuni, ila hoja zao zinatokana na mambo yanayojulikana na kubishaniwa na wapandaji wenyewe. Mtetezi anasimamia hoja kwamba urafiki ni ulinzi, Mpinzani anaipinga, na Mtaalamu wa barafu ameitwa na Mwenyekiti, anayeuongoza mjadala, kufafanua tu, ingawa, kama itakavyoonekana, ufafanuzi wake ndio uliougeuza mjadala.

MTETEZI: Ndugu Mwenyekiti, upande wa utetezi unaanza na kanuni za mahali penyewe. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Rainier, iliyoanzishwa mwaka 1899, haimruhusu mtu kusafiri peke yake juu ya barafuto wala kupita kambi za juu bila kibali cha maandishi cha mkuu wa hifadhi, lakini haimlazimishi mtu yeyote kuajiri kiongozi, kwa hiyo kinachodaiwa na kanuni ni mwenzi na si mwajiriwa. Sababu ya kanuni hiyo ni ya kimaumbile kabla ya kuwa ya kisheria. Aliyetumbukia katika ufa wa barafu ni nadra kuweza kujitoa mwenyewe, na aliyefukiwa na poromoko la theluji hawezi hata kuinua mkono, kwa kuwa theluji iliyoporomoka hukaza mara inaposimama. Uhai wake hutegemea walio juu, na nafasi ya kumkuta hai ni kubwa katika robo saa ya kwanza tu, kisha hupungua kwa kasi. Ndiyo maana kila mpandaji huvaa kifuani redio ndogo inayotuma na kupokea mawimbi ya kilohezi 457, ili aliyefukiwa aweze kutafutwa, na katika mkoba hubeba fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo la kuchimbia. Ndugu Mpinzani azingatie kwamba fimbo na koleo havimfaidii aliyevibeba hata kidogo, kwa kuwa siku atakapohitaji kuchimbuliwa atachimbuliwa kwa koleo la mwingine. Fani ambayo kila mtu hubeba mzigo kwa ajili ya mwenzake tayari imejengwa juu ya urafiki, na kumleta mtu wa kulipwa ni kuongeza nguzo kwenye nyumba iliyokwisha kusimama.

MPINZANI: Ndugu Mwenyekiti, upande wa upinzani haukatai kwamba mtu anahitaji wenzake, unakataa kwamba wenzake wakiwa marafiki basi wameshakuwa ulinzi. Historia ya mlima huu inaanza na somo hilo hilo. Mwezi Agosti 1870 Hazard Stevens na P. B. Van Trump waliondoka kwenda kuupanda wakiwa na mtu wa tatu, mchoraji Mwingereza Edward Coleman, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa ameongoza kundi la kwanza lililofika kilele cha Mlima Baker, volkano nyingine ya jimbo hilo hilo, na ambaye alikuwa amezoea barafu ya milima ya Alpi. Coleman alishindwa kwenda na mwendo wa wenzake, akarudi njiani, nao wakaendelea bila yeye. Sluiskin, mwenyeji waliyemwajiri awaonyeshe njia, aliwafikisha karibu na theluji kisha akawasihi wasiende mbele, wakaenda. Tarehe 17 walifika juu jioni mno kuweza kurudi, na walinusurika baridi ya usiku kwa sababu tu mvuke wa volkano ulikuwa umeyeyusha pango chini ya barafu ya kasoko, yaani bonde la mdomo wa volkano, wakalala humo. Watu wawili, wakiwa wamemwacha mjuzi wa barafu na kumpuuza mjuzi wa mlima, waliokolewa na joto la ardhi ambalo hawakulipanga. Jina lao limebaki katika vitabu kwa haki, lakini kufika salama si ushahidi kwamba uamuzi ulikuwa mwema, na mlima wenye tabia ya kuwasamehe wengi huwafundisha wengi vibaya.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtafiti Mmarekani Ian McCammon alichunguza kumbukumbu za ajali zaidi ya 700 za maporomoko ya theluji nchini Marekani, akaonyesha kwamba mara nyingi dalili za hatari zilikuwepo na waathirika waliweza kuziona. Kilichowaponza ni njia za mkato ambazo akili huzifuata inapoamua pamoja na wengine: kupaamini mahali kwa sababu pamezoeleka, kutaka kukubalika na wenzake, kung'ang'ania lengo lililokwisha kutangazwa, kumfuata mmoja anayedhaniwa kuwa mjuzi kwa sababu ni mkubwa kwa umri au ni hodari wa kuteleza. Mitego yote hiyo inanawiri zaidi kati ya watu wanaopendana. Msafiri aliyelipa hana aibu ya kumwambia kiongozi kwamba anaogopa. Rafiki anayo, kwa kuwa wenzake wameomba likizo, wamesafiri saa nyingi usiku, wamengoja mwaka mzima, naye hataki kuwa ndiye aliyeiharibu siku. Wahenga walikwisha kusema kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na juu ya barafuto wanaolia huenda wakawa wanne.

MTETEZI: Ndugu Mpinzani amezungumza kana kwamba kiongozi wa kulipwa ni hirizi. Tarehe 21 Juni 1981, kwenye barafuto ya Ingraham ya mlima huu huu, kundi la wateja lililokuwa na viongozi wazoefu lilikuwa limepumzika huku wakubwa wao wakitangulia kukagua theluji ya mbele, jambo ambalo kwa kipimo chochote ni uangalifu, pale mnara wa barafu ulipoporomoka kutoka juu na kuwafunika watu 11, mmoja wao akiwa kiongozi. Miili yao haikupatikana tena. Mwishoni mwa Mei 2014 watu sita, wakiwemo viongozi wawili, walikufa pamoja upande wa Liberty Ridge. Utetezi hauyataji mambo haya kwa kumlaumu mtu, kwani hakuna wa kulaumiwa kwa mnara unaoanguka, bali kuonyesha kwamba kuna hatari ambazo ujuzi wa mmoja hauzizuii, na kwamba aliyemwachia kiongozi macho yake hubaki bila macho pale kiongozi anapoondoka. Isitoshe, mtego wa kumfuata anayedhaniwa mjuzi, ambao Ndugu Mpinzani ameutaja, una nguvu zaidi palipo na mjuzi aliyethibitishwa kwa cheti.

Hapa inafaa msomaji wa Kiswahili akumbushwe kwamba kwake swali hili si geni. Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, nacho ni volkano yenye barafuto, na mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walikipanda wakiwa na ski na kuzitumia katika kushuka. Barafuto iliyobaki ndani ya kasoko yake inaitwa Furtwängler hadi leo. Mtu anayetaka kurudia kitendo chao angekosa theluji ya kutosha, kwa kuwa kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya mlima huo ilipungua kwa takriban asilimia 85, na sehemu ya kilichobaki ni kuta zilizosimama wima badala ya mteremko mpana. Angekutana pia na kanuni tofauti kabisa: hakuna kundi linaloruhusiwa kuipanda Kilimanjaro bila kiongozi aliyesajiliwa, hata kama ni la marafiki waliopanda milima pamoja maisha yao yote. Mpinzani aliitumia kanuni hiyo kama ushahidi wa upande wake, kwamba kiongozi wa Kilimanjaro humteremsha mgeni aliyeanza kuugua kwa uhaba wa hewa hata kama mgeni anabisha, na kwamba hakuna rafiki mwenye mamlaka hayo. Mtetezi akajibu kwamba njia za kawaida za Kilimanjaro ni za kutembea juu ya udongo na mawe, ambapo hatari kuu imo mwilini mwa mpandaji, ilhali Rainier hatari kuu imo chini ya miguu yake, na chini ya miguu panahitaji mikono mingi kuliko amri. Jibu hilo ni zuri kuliko linavyoonekana, lakini halikuigusa hoja ya mamlaka, na pengo hilo lilibaki wazi hadi karibu na mwisho.

Mwenyekiti akamwomba Mtaalamu aeleze kilichomo chini ya miguu.

MTAALAMU: Barafu ya kina kirefu hunyumbulika na kutiririka, lakini ile ya juu ni ngumu na hukatika; barafuto inapopita juu ya ukingo au kupinda kona, ngozi yake ya juu hupasuka, na huo ndio ufa. Upepo wa majira ya baridi hurundika theluji kutoka kingo zote mbili hadi zikutane, na kufanya daraja. Daraja la theluji halipimwi kwa kulitazama, kwa sababu lenye unene wa mita tatu na lenye unene wa nusu mita hufanana juu, na nguvu yake hubadilika saa kwa saa: baada ya usiku wa mbingu safi, maji yaliyomo katika theluji huganda na daraja huwa gumu, na jua likipanda hulainika. Usiku wa mawingu ni jambo baya kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa kuwa mawingu huzuia joto la theluji lisipotee angani, na asubuhi inayoonekana ya baridi huwa imekuta theluji ambayo haikuganda kamwe.

Anayeteleza ana saa ya pili ya kutazama, inayokwenda kinyume na ya kwanza. Theluji iliyoganda ni ngumu kama sakafu na ni hatari kuteremka, kwa sababu anayeanguka hasimami. Ikilainika sentimita chache za juu huwa chembechembe laini zinazopendwa na kila mtelezaji. Ikiendelea kulainika hulowa maji na kuanza kuporomoka. Kati ya Paradise, kituo cha kusini ambako safari nyingi huanzia kwenye mita 1,645, na kilele kuna tofauti ya zaidi ya mita 2,700, na kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila mita 1,000, huenda kukawa na tofauti ya nyuzi 18 kati ya juu na chini saa ile ile. Upande wa Emmons unatazama kaskazini-mashariki, kwa hiyo hupata jua mapema kuliko pande nyingine. Kundi linalongoja kileleni theluji ya juu ilainike linaiacha theluji ya chini iharibike, na madaraja yaliyopitika alfajiri yakiwa magumu huja kupitwa tena adhuhuri yakiwa laini.

Jambo la mwisho ni umbo la mlima. Volkano ina umbo la koni iliyosimamishwa, na anayeondoka kwenye ncha yake akiwa amekosea mwelekeo kwa nyuzi 10 tu atajikuta, baada ya kushuka kilomita sita, yuko kilomita moja mbali na njia yake. Ukungu ukifunga, theluji na anga huwa rangi moja, na mtelezaji hawezi kujua hata kama anasogea au amesimama. Uwanja wa theluji wa Muir, kati ya Paradise na Kambi ya Muir iliyo kwenye mita 3,105, hauhesabiwi kuwa mgumu na wengi huupanda kwa matembezi ya siku moja, lakini umewaua watu kwa njia hiyo tu, ya kupotea kidogo kuelekea kando ambako barafuto ya Nisqually au ya Paradise inaanza.

Maelezo haya yaliuhamisha mjadala kutoka kwenye swali la nani aongoze kwenda kwenye swali la kamba, na hapo ndipo ulipokolea.

MPINZANI: Ikiwa madaraja ni dhaifu zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda, basi wapandaji wa ski wanafanya jambo la ajabu, kwa kuwa hupanda wakiwa wamefungwa kamba na hushuka wakiwa wameifungua. Katika kupanda, watu watatu au wanne hufungamana kwa kamba moja, kila mmoja mita 10 au zaidi nyuma ya mwenzake, ili mmoja akitumbukia wengine wajitupe chini na kumzuia kwa uzito wao na kwa mashoka ya barafu. Ulinzi huo wote hukunjwa na kutiwa mkobani saa ile hasa unapohitajika. Hiyo ndiyo thamani ya urafiki wakati raha ya kuteleza imekaribia?

MTETEZI: Hapana, Ndugu Mpinzani, hufunguliwa kwa sababu kamba katika kuteleza huua kwa njia nyingine. Watelezaji wawili hawana mwendo mmoja. Anayepinda kushoto humvuta anayepinda kulia, kamba iliyolegea hunaswa na kingo za ski, na mmoja akianguka kwenye mteremko mkali huwabomoa wote, kwa kuwa aliyesimama juu ya ski hana namna ya kukita miguu. Ulinzi wa kushuka ni wa aina nyingine. Ski mbili zinaeneza uzito juu ya eneo kubwa mara kadhaa kuliko nyayo za viatu, na mwendo humvusha mtu juu ya ufa mwembamba kabla daraja halijapata muda wa kukatika. Kundi hurudi kwa alama zake lenyewe, kwa kuwa limekwisha kuzijua nyufa lilipopanda. Hushuka mmoja mmoja huku wengine wakitazama. Na hukutana mahali palipochaguliwa, si popote mtu alipochoka. Mlima huu ulikwisha kutoa funzo juu ya jambo hilo: mwaka 1934 mashindano ya kwanza ya Silver Skis, kutoka Kambi ya Muir hadi Paradise, yaliwaanzisha washindani wote kwa pamoja, wakagongana na kuanguka, na baadaye waandaaji wakawa wanamwachia mmoja mmoja.

MPINZANI: Na kamba iko katika mkoba wa nani?

Swali hilo fupi lilikuwa la maana kuliko hotuba zote zilizotangulia. Mtetezi alijibu kwamba huwa kwa mwenye nguvu zaidi, kama ilivyo desturi ya makundi mengi, na Mpinzani akamwonyesha kwamba mwenye nguvu zaidi mara nyingi ndiye hodari zaidi wa kuteleza, na hodari ndiye anayetangulia, na anayetangulia ndiye wa kwanza kujaribu kila daraja; akitumbukia, kamba ya kumtolea imetumbukia pamoja naye, na marafiki watatu waliobaki juu wana mapenzi mengi na hawana kitu cha kumteremshia. Mtetezi, kwa sifa yake, hakubisha. Alikubali kwamba kundi linapaswa kubeba kamba mbili nyembamba, moja kwa wa kwanza na moja kwa wa mwisho. Kwamba mkanda wa kiunoni na mapajani, unaofungiwa kamba, usivuliwe hadi barafuto iishe, hata mahali panapoonekana salama. Na kwamba panapokuwa na ukungu au mteremko mpole wenye nyufa nyingi, watu wafungane tena na washuke polepole, hata kama kuteleza kwa namna hiyo hakuna raha yoyote.

Mpinzani akasonga mbele. Kumtoa mtu shimoni, alisema, ni ufundi na hautokani na nia njema. Kamba yenye uzito wa mtu huzama katika ukingo wa theluji na kukwama humo, hivyo anayeokoa lazima kwanza akite nanga, kwa mfano kwa kuzika ski iliyolazwa ndani ya handaki alilolichimba, ahamishie uzito kwenye nanga hiyo, akatengeneze ukingo, kisha apange kamba na kapi ili avute. Mpango unaotumiwa sana, ambao kamba hukunjika kwa umbo la herufi Z, kwa nadharia humwezesha mtu kuinua mzigo kwa theluthi ya uzito wake, lakini msuguano hula sehemu kubwa ya faida hiyo, na mtu mmoja aliyebaki peke yake juu, akiwa anatetemeka kwa baridi na hofu, huenda asiweze kabisa. Kwa hiyo kundi la wawili ni dogo mno kwa barafuto yenye nyufa, hata kama wawili hao ni ndugu wa tumbo moja. Na kundi la wanne ambalo mmoja tu anaijua kazi hiyo, aliongeza, ni kundi la mtu mmoja lenye wasindikizaji watatu, kwa kuwa ufa hauchagui asiyejua.

Katika suala hili Mpinzani alikuwa sahihi bila shaka, na udhaifu wa makundi mengi ya marafiki uko hapo hapo: watu hugawana chakula, mafuta ya gari na uzito wa mahema kwa usawa, lakini ujuzi huachwa kwa mmoja ambaye wengine humwita kwa mzaha kiongozi wao, na ambaye hakuomba cheo hicho wala halipwi kwa kukibeba. Hata hivyo ujuzi unaweza kujifunzwa na wote wanne katika siku moja au mbili za mazoezi kwenye kingo za theluji zisizo na hatari, na ukishajifunzwa hoja ya Mpinzani inapungua nguvu. Kisichofundishika kwa urahisi hivyo ni kile alichokianza mwenyewe kuhusu aibu.

MWENYEKITI: Kiti kinaona kwamba pande zote mbili zimekubaliana kuhusu vifaa na mazoezi bila kukusudia. Kilichobaki ni mamlaka. Utetezi useme: katika kundi lisilo na mkubwa, ni nani anayelirudisha?

MTETEZI: Yeyote. Kanuni inayotetewa ni kwamba sauti moja ya kukataa inatosha, na anayekataa hadaiwi sababu, kwa kuwa hofu mara nyingi hutangulia maneno yake. Anayeulizwa maoni wa kwanza awe mwenye uzoefu mdogo, kabla mjuzi hajafungua kinywa, la sivyo atarudia ya mjuzi. Na saa ya kurudi ipangwe jioni iliyotangulia, chini, kabla ya mtu yeyote kuchoka au kukiona kilele. Kurudi si fedheha katika mlima huu, ambapo kati ya watu takriban 10,000 wanaojaribu kufika juu kila mwaka, karibu nusu hawafiki.

MPINZANI: Kanuni ni nzuri, lakini ina gharama ambayo utetezi hauitaji. Rafiki aliyetumia haki hiyo mara mbili katika msimu mmoja hapelekewi tena habari ya safari ya tatu. Hakuna anayemfukuza, ila simu haimfikii. Kila mmoja analijua hilo, na kwa kulijua hunyamaza.

MTETEZI: Basi kundi hilo lilikuwa la watelezaji waliokutana, halikuwa la marafiki.

MPINZANI: Na walitambuaje kabla ya kupanda?

Mtetezi alijibu kwamba hutambulika katika safari ndogo, kwenye vilima visivyo na barafuto, ambako kurudi hakugharimu kitu na tabia ya mtu anaporudishwa huonekana wazi: anayenuna kwa saa tatu ndani ya gari kwa sababu ya kilima cha Desemba hafai kufungwa naye kamba mwezi Juni. Jibu hilo lilipokewa vizuri na Mwenyekiti, ambaye alipendekeza hoja irekebishwe ili isomeke kwamba kundi la marafiki lina ulinzi wa kutosha kwa masharti manne: liwe na watu wasiopungua watatu, kila mmoja awe amefanya kwa mikono yake mazoezi ya kumtoa mtu katika ufa, sauti moja itoshe kulirudisha, na saa ya kurudi iwe imepangwa kabla ya kuondoka. Mpinzani aliyakubali matatu ya kwanza. La nne alilikataa, akieleza kwamba saa iliyopangwa bondeni na watu wanne inaweza kufutwa kileleni na watu wale wale wanne, kwa kura ya pamoja, wakicheka, jua likiwa zuri na theluji ya juu ikikaribia kulainika. Kiongozi wa kulipwa naye angeweza kuifuta, lakini angelazimika kujieleza kwa mtu ambaye hakuwepo. Mtetezi alisimama kujibu, akakaa, kisha akaomba kura iahirishwe.